Baba, Kula Mkate

Chuo cha Zimamoto,
Bweni la Wanawake
6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, umwambie soksi zimenitosha.

Ningepiga simu, lakini simu zetu zimefungiwa kabatini hadi tumalize mafunzo. Mkufunzi wetu anasema moto haupokei simu. Basi tunaandikiana barua kama watu wa zamani, na Nanga, dada mmoja mwenye mabega mapana anayelala kitanda cha juu yangu, ananiazima kalamu yake kwa masharti makali.

Kifurushi kimefika. Mikate haikubondeka, biskuti zimevunjika pembeni kidogo. Bweni zima lilinukia kama kwetu asubuhi. Sasa nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: sikula. Niligawa vyote, nikabaki na mfuko nanusa.

Sababu si wewe. Desemba lori la unga halikufika chuoni, tukala wali, viazi na mahindi hadi mesi nzima ikanuna. Mimi peke yangu nilinawiri. Tumbo likatulia, ule ukurutu wa kwenye viwiko ukakauka, nikaanza kulala kama binadamu. Unga uliporudi, na tumbo likarudi nao. Nikaacha ngano kabisa. Sijaigusa tangu hapo.

Usininunie. Ukituma tena, tuma karanga.

Mazoezi yanaendelea vizuri.

Mwanao,
Kijiti


Nyumbani, nyuma ya bekari
15 Februari

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mama yako, maneno ni yangu. Mkono wangu una kazi nyingine siku hizi.

Karanga. Nimemwambia mama yako arudie mstari ule, akaurudia, bado ni karanga. Mtoto aliyezaliwa chumba cha pili kutoka kwenye tanuri, aliyeota meno kwa kutafuna ganda la mkate wangu, ananiagiza karanga kama kasuku.

Mimi naoka tangu sijaota ndevu. Mkate wangu anakula hakimu, wanakula wachimba mitaro, wanakula wanawake waliojifungua jana, anakula hata yule mwalimu mkuu aliyekufukuza darasani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi dukani ameshika tumbo. Kama mkate wangu ungekuwa na neno, mtaa huu ungekuwa makaburi matupu.

Wewe tangu utotoni una tumbo la kuchagua. Ndiyo maana jina la Kijiti likakuganda. Tulikupa mkate wa kuloweka kwenye maziwa ili unenepe, ukazidi kukonda kwa ubishi. Mama yako anasema haukuwa ubishi. Nimemwambia aandike ninachosema, asitie chake.

Watu wa siku hizi wakikosa ugonjwa wanautafuta kwa tochi. Ni hewa ya huko. Ni maji ya bomba la huko. Kula, mwanangu. Mpira wa zimamoto haubebwi kwa karanga.

Baba yako,
mwoka mikate

Haya ni yangu: jifunike usiku. Mama.


Chuo cha Zimamoto
27 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili ndiyo niliyocheka. Sasa kaa kitako, maana sikukwambia yote.

Mazoezi hayaendi vizuri. Novemba, nikiwa katikati ya ngazi na mpira wa maji begani, macho yaliingia giza. Kamba ya usalama ndiyo iliyonidaka. Nikaning'inia pale kama nguo iliyoanikwa hadi wakaniteremsha. Mkufunzi akasema mbele ya kuruta wote, "Huyu amezoea kudekezwa kwao." Zahanati wakanikuta na damu kidogo mno. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikameza, damu haikupanda.

Mwezi huu wamenipeleka hospitali kubwa. Daktari ni mama mmoja mfupi, mpole, anauliza kama mpelelezi. Aliponisikia habari ya Desemba akasema huenda nina ugonjwa wa siliaki. Nikueleze alivyonieleza. Mkate wako hauna sumu, Baba. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, hicho hicho kinachofanya donge lako livutike bila kukatika. Kwako na kwa hakimu hakina shida. Mwili wa mwenye siliaki ukikutana nacho unajipiga wenyewe. Unachubua utumbo mpaka chakula kinapita bila kuacha kitu. Ndiko kukonda, ndiko kupungukiwa damu.

Wakanitoa damu wakapima. Majibu yakaja: hakuna kitu.

Daktari akaniuliza, "Ulikuwa unakula ngano?" Nikamwambia niliacha. Akaweka kalamu chini. Kumbe kipimo kile kinatafuta alama za vita, na mimi nilikwenda kupimwa nikiwa nimeshasimamisha vita. Anataka nirudi kula ngano kila siku kwa wiki sita, ndipo nipimwe tena.

Mkufunzi hakutaka kusikia. "Karatasi imesema huna kitu," aliniambia, akiwa ameishika. "Sasa hadithi hii imekwisha."

"Haijaisha, afande. Nitapimwa tena."

"Na ngazi utapanda?"

"Nitapanda."

"Ukianguka?"

"Nitaanguka na karatasi mpya mkononi."

Wengine wananishauri nijinyamazie tu, nile viazi vyangu, nisisumbue watu. Lakini bila majibu, chuo hakinipi chakula tofauti, na kila kukicha nitakuwa yule msichana wa kujidekeza. Sikubali. Nimeanza leo asubuhi. Nilichukua mkate mesini, nikakaa meza ya mbele kabisa, nikala nikimtazama Mkufunzi hadi chembe ya mwisho.

Daktari anauliza jambo moja. Ugonjwa huu hupita kwenye damu ya ukoo. Je, kwetu kuna mtu wa kuumwa tumbo muda mrefu, vidonda vya mdomoni, mifupa kuvunjika ovyo? Nijibu kweli.

Kijiti


Nyumbani
9 Machi

Kijiti,

Mama yako anaandika, mimi natabasamu. Nilijua tu. Umerudi kwenye mkate. Hayo mengine ya vita na alama za vita ni maneno ya madaktari, na wao wanapenda kuzungumza. La muhimu ni kwamba unakula.

Nimekuokea mwenyewe, yaani nimesimama fundi akaoka nikiwa namwelekeza. Boksi zima. Mkate wa maziwa, mkate wa siagi, na ule wa kusukwa unaoupenda. Mle na hao wenzio, na huyo Mkufunzi mpe kipande, labda atalainika.

Kuhusu swali la daktari, mwambie kwetu hakuna. Sisi ni watu wa mifupa migumu.

Baba yako


Chuo cha Zimamoto
24 Machi

Baba,

Nimekula mkate wako wa kusukwa. Bado ni mtamu kuliko mkate wowote niliowahi kula. Nimeutapika nyuma ya mabafu, nikasukutua, nikarudi kula kipande kingine, kwa sababu daktari amesema kila siku.

Sirudi kwenye mkate. Najiumiza mbele ya mashahidi ili niaminiwe. Hukusoma barua yangu, au ulisoma mistari uliyoipenda ukaruka mingine.

Jana kwenye ngazi nilifika theluthi moja miguu ikaanza kutetemeka kama ya ndama. Mkufunzi alikuwa chini ameshika saa. Sikushuka. Nilikumbatia chuma hadi muda ukaisha. Aliandika kwamba nimeshindwa, na ni kweli nimeshindwa, lakini hakuna aliyeniteremsha. Nanga ananifulia nguo, ananibebea ndoo, halafu ananitukana ili nisimshukuru. Ukurutu umerudi, nimejikuna hadi damu.

Usiniandikie tena kwamba ni hewa.

Kijiti


Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Baba yako hajui kwamba naandika. Amekwenda kunyoa, na kinyozi wake ana maneno mengi, kwa hiyo nina nafasi.

Barua yako nilimsomea. Alikwenda kule nyuma akakaa juu ya gunia la unga, akakaa tu, hadi hamira ikafura ikamwagika ndoo nzima. Unamjua baba yako na hamira. Fundi akaja kuniuliza kama kuna msiba.

Sasa nikwambie. Ameniapisha nisiseme, lakini nimechoka kubeba siri ya mtu asiyejihurumia. Unadhani kwa nini barua zake naziandika mimi? Januari alikuwa anatoa trei ya mikate kwenye tanuri, trei zile zile za kila siku. Hakuteleza, hakuanguka. Kifundo cha mkono kikalia ka, mimi nikakisikia nikiwa dukani. Daktari wa mifupa akaitazama picha, akamuuliza ana umri gani, kisha akaniuliza mimi, kana kwamba baba yako anadanganya. Alisema mifupa ile ni ya mtu mzee sana. Mkono umekaa kwenye plasta mpaka juzi.

Na tumbo lake. Mimi tangu naolewa nalijua hilo tumbo. Tunaliita "mgeni", kwa sababu huja asubuhi na haliagi. Vidonda vya mdomoni, anasema ni chai ya moto. Kila mwaka anatoboa tundu jipya kwenye mkanda, anasema ngozi ya mkanda imelegea.

Ulipouliza kama kwetu kuna mtu, nilikuwa na kalamu mkononi. Nilimtazama. Akasema, "Andika hakuna." Nikaandika. Mkono wangu ndio ulioandika uongo ule na umeniuma kama umevunjika na wenyewe.

Jambo lingine. Tangu barua yako ya mwisho hajagusa mkate. Anasema ameuchoka. Anakula wali na maharage, na asubuhi ya leo nimemsikia anapiga mluzi. Nifurahi, au niogope? Niambie la kufanya. Mimi namuogopa akinuna, lakini namuogopa zaidi akiisha.

Mama


Chuo cha Zimamoto
20 Aprili

Baba na Mama,

Shikamooni. Naandika kwenu wote wawili, barua isomwe kwa sauti, isirukwe mstari.

Majibu yametoka. Safari hii damu ilisema wazi, tena kwa kelele. Kisha wakaniingiza kamera nyembamba kama uzi wa kiatu kupitia mdomoni, wakanyofoa vipande vidogo vya utumbo. Daktari alinionyesha picha. Utumbo wenye afya unatakiwa uwe na manyoya madogo kama taulo, ndiyo yanayonyonya chakula. Wangu umelala bapa kama kitambaa cha meza. Ni siliaki. Hauponi, lakini nikiacha ngano, shayiri na ndugu zao moja kwa moja, manyoya yataota tena. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa bado. Waliniita ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Mkufunzi alikuwepo, amekaa pembeni na faili langu.

Mkuu akauliza, "Ugonjwa huu unapona?"

"Hauponi, afande."

"Basi tukuweke kazini vipi?"

"Dawa yake ni chakula, afande. Sitaki sindano, sitaki mapumziko. Nataka sufuria isiyoguswa na unga, na ruhusa ya kujipikia."

Mkufunzi akaingilia. "Na tukiwa kwenye moto kutwa nzima? Utauambia moto usubiri viazi vyako viive?"

"Vitakuwa mfukoni, afande, vimeshaiva."

Mkuu akakohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. Nikawaambia wanipime ngazi mwisho wa Juni. Nikishindwa, nitafunga sanduku langu mwenyewe, hakuna haja ya kuniandikia barua ya kunifukuza. Lakini nishindwe nikiwa nimekula chakula changu. Wameniona nikipanda mgonjwa tangu siku ya kwanza, wana haki gani ya kunifukuza kabla hawajaniona mzima? Mkuu akasema, "Mpeni sufuria."

Sasa Baba. Usimgombeze Mama. Amenieleza habari ya mkono, na mgeni wa asubuhi, na mkanda. Ningeyajua zamani kama si hilo neno lako "hakuna". Daktari anasema mtoto akiwa na siliaki, wazazi na ndugu zake wote wapimwe, hata wasiojisikia vibaya. Wewe unajisikia vibaya tangu kabla sijazaliwa.

Najua umeacha mkate kimyakimya. Najua umepata nafuu. Ukiendelea hivyo utapimwa kama mimi, utaambiwa huna kitu, na utaichukua hiyo karatasi uibandike ukutani dukani. Sikuachii njia hiyo. Nasema neno ambalo sikudhani nitamwambia mwoka mikate: Baba, kula mkate. Kula kila siku hadi daktari aseme basi, kisha nenda ukatoe damu.

Kijiti


Nyumbani
3 Mei

Kijiti,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zinayumba kama walevi. Plasta imetoka.

Sitapimwa. Nikiambiwa ndiyo, nitakuwa nani? Mwoka mikate asiyekula mkate. Kila donge nalionja, ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyomfundisha fundi. Watu wa mtaa watasema mkate wake umemkataa mwenyewe, sisi tuule wa nini. Nimejenga jina kwa mikono hii, na mmoja sasa haufungi hata kizibo.

Mimi nina tumbo langu, tumezoeana. Usiniandikie habari hii tena.

Baba yako


Chuo cha Zimamoto
30 Juni

Baba,

Shikamoo. Umekaa kimya Mei yote na Juni yote, na ulisema nisikuandikie habari hii. Naandika.

Nimepanda ngazi. Asubuhi hii, mpira wa maji begani, helmeti imenibana masikio. Nilifika juu kabisa, nikagusa kengele, nikatazama mji. Nilikuwa bado na pumzi ya akiba. Nilipochungulia chini, Mkufunzi alikuwa ameinua uso. Alisema, "Shuka, wenzako wanasubiri." Kwa mtu yule hiyo ni hotuba. Nimefaulu, na mwezi ujao napangiwa kituo.

Usidhani ilikuwa raha. Walinipa sufuria na kona ya jiko, na jina jipya, Bibi Sufuria. Kuna siku mtu alichovya mkate kwenye mchuzi wangu, akasema anatania, chembe mbili tatu zinafanya nini. Nilimwaga sufuria yote mbele yake, nikaisugua, nikaanza kupika upya. Kabla hakijaiva wenzangu wakamaliza kula, honi ya mazoezi ikalia, nikaenda na njaa. Siku iliyofuata nikarudi kona ile ile. Nanga sasa anasimama hapo na ufagio na hakuna anayetania.

Nilijifunza hapo kwamba watu hawachukizwi na ugonjwa wako. Wanachukizwa na "hapana" yako. Ukiisema kwa aibu wanakusukuma, ukiisema umesimama wanazoea.

Unauliza utakuwa nani. Utakuwa yule yule, mwenye maneno makali na mkono mzuri. Watu watasema? Waseme, midomo ni yao, utumbo ni wako. Mimi nilikula kilichokuwa kinaniua ili niruhusiwe kuishi ninavyotaka. Wewe unatakiwa kula mkate wako mwenyewe, mtamu kuliko yote mjini, na kutoa kijitone cha damu. Usiniambie mwoka mikate anaogopa kazi nyepesi kama hiyo.

Nijibu, au usijibu. Nitaandika tena.

Kijiti


Nyumbani
21 Agosti

Kijiti mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote nilizozinyamazia. Barua hii naandika mwenyewe na herufi zimesimama, angalia.

Nilikuwa nakula mkate wakati wewe unaniandikia. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nimekasirika kwamba nakutii. Mama yako alinisimamia kila asubuhi amekunja mikono kama askari wa jela, mimi namega, yeye anahesabu matonge. Sijawahi kuona mkate mchungu kama ule, na niliuoka mimi. Mgeni akarudi kwa hasira zote. Nikaenda nikatoa damu, nikapitishiwa na mimi huo uzi wa kiatu. Kitambaa cha meza, mwanangu. Bapa kabisa.

Daktari wa huku hakutosheka kuninyima mkate. Alisema hata vumbi la unga naliingiza mdomoni nikikanda, nitoke kule nyuma. Nikamuuliza kama anajua anamwambia nani. Akasema anajua, mkewe hununua kwangu. Nilirudi nikafunga duka siku hiyo, nikakaa gizani na hasira zangu. Siku iliyofuata nikafungua. Kukanda nimemwachia fundi, na kuonja pia. Mimi nimehamia kaunta ya mbele. Hakimu alikuja, akauliza kwa nini sionekani kwenye tanuri. Nikamwambia, "Mkate wangu siruhusiwi kuula, wewe unaruhusiwa, kwa hiyo kula na fungu langu." Akachukua miwili. Walioacha kuja ni wachache, na sijawafuata.

Jikoni kwa mama yako najaribu unga wa mchele na wa muhogo. Wa kwanza ulikuwa tofali. Wa pili ulikuwa tofali lenye ufa. Nacheka kidogo, natukana sana. Sijashindwa na donge maishani na sitaanza uzeeni.

Sasa nikupe habari ya harusi. Binti wa baba yako mdogo ameolewa Jumamosi. Keki ilitoka kwetu, fundi kaioka, mimi nimeikagua kwa macho kutoka mlangoni, ghorofa nne, nyeupe kama ukuta mpya. Walipoikata, kipande cha kwanza wakaniletea mimi mkubwa wa ukoo, mbele ya ukumbi mzima, kipaza sauti kikiwa wazi. Nikasema, "Ahsanteni, mimi sili."

Baba yako mdogo ndiye aliyeshika sahani. "Kaka, kipande kidogo tu. Leo ni siku ya furaha."

"Furaha ninayo. Keki sili."

"Kidogo tu, hakiui mtu."

"Kinaniua polepole tangu tukiwa watoto, na wewe ulikuwa unaona."

Baba yako mdogo akainama, akaninong'oneza, lakini kipaza sauti kikasikia, "Utamtia aibu bibi harusi."

Hapo zamani ningekula, Kijiti. Ningekula, nikatabasamu, nikaenda kuteseka chooni kwa siku mbili ili mtu asinune. Nikamgeukia bibi harusi mwenyewe. "Mwanangu, nakutia aibu?"

Akasema, "Hapana, Baba Mkubwa. Hicho kipande nipe mimi, sijala tangu asubuhi." Akakichukua kwa vidole, akala na shela lake, watu wakaangua kicheko, muziki ukawashwa. Nilikaa pale nikila wali wangu kutoka kwenye bakuli la nyumbani, nimenyoosha mgongo. Sijawahi kukaa hivyo kwenye harusi yoyote.

Baadaye nilitoka kupunga upepo. Baba yako mdogo akanifuata kule yalikoegeshwa magari. Akazungukazunguka, akapiga teke tairi la mtu. Mwishowe akauliza, bila kunitazama, "Hicho kipimo kinaumiza?" Nikamtazama yule mwanamume, kola ya shati inamcheza shingoni, mkanda umefungwa tundu la mwisho. Nikaona nilichokuwa sitaki kukiona kwangu. Nikamwambia hakiumizi kitu isipokuwa kiburi, na kwamba nitampeleka mwenyewe.

Daktari anasema mifupa itakaza. Mkanda nimerudi tundu moja nyuma. Mama yako amenunua mwiko mpya kwa ajili ya sufuria yetu mimi na wewe, akaufunga uzi mwekundu kwenye mpini. Juzi jirani alikuja kuuazima akoroge uji wake wa ngano. Mama yako, yule yule aliyekuwa anaogopa nikinuna, akaushika kifuani na kusema huu hauazimwi. Jirani akacheka, akamuuliza, mwiko gani huo usioazimwa?

"Ndiyo maana yake," Mama yako akamjibu, akautundika ukutani. "Mwiko."

Baba yako,
mwoka mikate